Mlio wa Tundu la Tano

Tik.

Ndivyo inavyolia chipu nzima ikikaa vizuri kwenye tundu la kupimia: mlio mfupi, mkavu, kama kucha ya mtu aliyegonga meza mara moja kisha akabadili mawazo. Mwanamke huyu aliusikia kwa miaka kumi na tisa, mara elfu kadhaa kila zamu. Hata leo akiwa jikoni, akifunika sufuria, huusikia mahali ambapo haupo. Husimama kidogo, mkono juu ya mfuniko, halafu huendelea na kazi zake.

Kiwandani walimwita Sikio.

Sikio hilo alilirithi. Mama yake alikuwa muuza vyungu, na hakukipanga chungu hata kimoja mbele ya wateja kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole. "Kizima kinaitika," alimwambia bintiye. "Chenye ufa kinanung'unika." Chenye ufa alikipandia maua, asikiuze hata mteja akililia bei. Lakini kizima hakukitupa, kiwe kimepinda, kiwe na baka la moshi. Binti akakua akigonga kila kitu: milango, matikiti, magoti ya wenzake shuleni. Alipofika kiwandani akiwa na miaka ishirini na mitatu, wakamvika koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, wakampa na vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele za mashine. Siku ya tatu alichomoa kimoja. Hakukirudisha tena.

Chipu zenyewe hazikutengenezwa pale. Zililetwa kwenye trei nyeusi, kila moja ndogo kuliko kipande cha biskuti, na kila moja ikitarajiwa kuwa ubongo wa laptop ya mtu fulani asiyejulikana. Kazi ya pale ilikuwa kuzipima. Mkono wa mashine uliinua chipu, ukaibana kwenye tundu, tik, ikapashwa moto, ikaulizwa maswali yake ya umeme, kisha ikapewa daraja. Zenye mbio zilikwenda kwenye laptop za bei kubwa, za wastani zikaenda kwa watu wa wastani, na mbovu zikaangukia chombo chekundu. Sikio alisimama kwenye laini ya nne, laini ya laptop, yenye mashine ya matundu manane. Kila zamu alikitazama kile chombo chekundu kama mama yake alivyokuwa akitazama lundo la vigae.

Kiwanda kilikuwa na mchezo wake. Katika ukumbi wa chakula palikuwa na ubao mweusi, na juu yake fundi umeme mmoja, mtu mfupi mwenye sauti ya kuazima kwa mtu mrefu, alikuwa ameandika kwa chaki: SISI na WAO. Wao walikuwa kampuni pinzani. Kila baada ya miezi mitatu, kampuni zote mbili zilipotangaza matokeo ya biashara, yeye aliandika upya sehemu ya kila moja katika soko la laptop, kama mabao. Ndiyo maana walimwita Mshabiki.

Kwa miaka miwili mfululizo walifungwa. Wao walikuwa wametoa prosesa, yaani chipu ya laptop, isiyochemka, laptop inafanya kazi siku nzima bila kuguswa na waya, na watu wakaikimbilia. Sabini na nane kwa mia ikawa sabini, sabini ikawa sitini na moja.

"Tumepigwa tena," Mshabiki alisema, akipangusa chaki kwenye suruali. "Hata mpwa wangu kanunua ya kwao. Nimemwambia asilete uso wake kwangu."

"Wewe mwenyewe unayo ya kwao," mpishi alimrushia kutoka dirishani. "Nimeiona kwenye begi."

"Ile naipeleleza!"

Wakacheka, lakini uchungu ulikuwepo. Sikio naye alikuwa na ugonjwa wake: popote alipokwenda, benki, zahanati, ofisi ya shule, aliinamisha shingo kusoma kibandiko kwenye laptop ya aliyeketi mbele yake. Akikuta cha kampuni yake, alitabasamu na karani akadhani anapendwa. Akikuta cha wapinzani, alikaa wima na kujibu kwa mkato.

"Utatuaibisha siku moja," wifi yake alimwambia.

Huyo wifi alikuwa mdogo wa mume wake, na alifika nyumbani kwao na begi moja baada ya kumaliza masomo na kuzunguka mji bila kupata kazi. Alilala chumba kimoja na watoto kwa miaka minne. Sikio ndiye aliyembembeleza msimamizi wa zamani ampokee kwenye laini, akamfundisha kushika trei, kusoma madaraja, kupumzisha miguu bila kuonekana amekaa. Katika mwezi wake wa pili msichana alifanya kosa ambalo ni la watu wa kazi ile tu: aligeuza trei upande wa kushoto ukawa wa kulia, na chipu mia na ishirini za daraja la juu zikaingia kwenye chombo chekundu huku mbovu zikisafiri kwenda kwa wateja. Zilikamatwa mlangoni. Wakubwa waliuliza ni nani. Sikio akasema, "Mimi." Onyo la maandishi likakaa kwenye faili lake miaka mitatu, na siku wifi alipopandishwa kuwa msimamizi wa laini ya nne, faili hilo ndilo lililoamua nani abaki chini.

Hakuona wivu. "Ni wangu yule," alisema. Wachokozi wakamuuliza kila asubuhi kama leo wifi inashika vizuri, naye akawajibu kwamba inashika, shida ni vifaa vyao vya kizamani. Na wifi, kwa upande wake, kila alipopita na kuona sikio la kushoto la mke wa kaka yake halina kizibo, aligeuza uso akasoma tangazo la ukutani. Huo ndio ulikuwa mkataba wao, na haukuandikwa popote.

Kisha ikaja chipu mpya.

Hiyo ndiyo ingerudisha soko, waliambiwa. Haichemki, betri itadumu, Wao watalia. Watu waliacha likizo zao kwa ajili yake. Lakini ilipoanza kupimwa, nne katika kila kumi zilianguka kwenye chombo chekundu. Wahandisi walikuja kutoka makao makuu, wakaketi siku sita mbele ya skrini zao, wakanywa kahawa na kulaumu watengenezaji. Siku ya saba Sikio alisimama nyuma yao, amefumba macho.

"Tundu la tano limechafuka," alisema.

Mhandisi mmoja aligeuka. "Mama, skrini inasema tundu ni safi. Chipu ndiyo mbovu."

"Skrini haisikii. Lisikilize. Mengine yanasema tik. Hilo linasema tsk, kama mtu anayesonya. Linasonya, kisha linamsingizia mgeni."

Walicheka, lakini wifi alisimamisha mashine. Walipolifungua lile tundu wakakuta pini zake zimeshika ukungu wa lehemu, mwembamba kuliko vumbi. Wakalisafisha, wakazirudisha chipu zilizotupwa, na nyingi zikapita. Ukungu huo ulirudi kila baada ya saa chache, mara kwenye tundu hili, mara lile, lakini zaidi la tano, na hapakuwa na kipimo cha kuuona mapema isipokuwa mwanamke mmoja aliyechomoa kizibo. Kwa miezi mitatu alisimama pale na kuinua kidole kila aliposikia msonyo. Chombo chekundu kikawa chepesi.

"Wifi," msimamizi alimwambia siku moja baada ya zamu, wakivua makoti, "andika hayo mambo."

"Mambo gani?"

"Yote. Milio. Unavyojua. Ukiumwa siku mbili tutafanyaje? Vijana watahangaika."

"Sikio linaandikwa?"

"Jaribu, bwana. Kwa ajili yangu."

Kwa ajili yake. Alinunua daftari lenye jalada la kijani, na kila alasiri akitoka kazini aliketi mezani sebuleni kwake, akaandika. Hakuwa mwandishi. Alitafuta maneno kama anayetafuta shanga zilizomwagika chini ya kabati. *Mlio wa jirani aliyefunga mlango kwa adabu: chipu nzima, tundu safi. Mlio wa mtu anayemeza mate: trei imeinama, usilaumu chipu.* Kurasa arobaini alizijaza. Ya arobaini na moja aliandika kichwa tu: *Jinsi ya kutofautisha chipu mbovu kweli na tundu lililochafuka.* Hapo kalamu iligoma. Milio hiyo miwili ilikuwa pacha, na yeye alijua tu, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Akaacha wazi. Chini akaandika: *Hii njooni niwasikilizishe.*

Wakati anaandika, mume wake alikuwa uani. Alikuwa seremala, mtu mpole, mchache wa maneno. Wiki hizo alikuwa anaunda sanduku zuri la mbao nyekundu, lenye vipini vya kamba na kufuli ya shaba.

"La nani hilo?" mkewe aliuliza.

"La mteja. Anasafiri."

"Ana bahati. Mimi sijawahi kuundiwa hata kibweta."

Mume alicheka kidogo, macho yake kwenye randa. Kisha akauliza, "Mama watoto, nikimwekea sehemu ya makaratasi, daftari la kawaida lina upana gani?"

Naye akaingia ndani, akatoka na daftari lake la kijani, akaliweka mwenyewe ndani ya sanduku ili apime. Lilikaa sawasawa. Wiki iliyofuata alimkabidhi wifi daftari hilo.

Matokeo yalitangazwa siku ya Alhamisi, saa ya chai. Mkuu wa kiwanda alisimama mbele ya ubao na karatasi mkononi, Mshabiki kando yake, chaki tayari.

"Mauzo ya prosesa za laptop yamepanda kwa asilimia thelathini na moja," mkuu alisoma. "Faida ya robo hii imezidi makadirio ya wachambuzi wote. Na sehemu yetu katika soko la laptop imerudi, ndugu zangu, sitini na nane kwa mia!"

Ukumbi ukalipuka. Watu waligonga meza kwa vikombe. Mpishi alipiga kigelegele kutoka dirishani. Mshabiki aliandika sitini na nane kubwa kuliko SISI yenyewe, akaichorea taji. Mtu alimwinua Sikio mkono kama bondia, wengine wakaimba, "Sikio! Sikio!" naye akaficha uso kwa kofia, anacheka, macho yamelowa.

Mkuu alingoja wanyamaze. Akageuza karatasi.

"Ili kuilinda faida hiyo, bodi imeamua upimaji wa chipu za laptop uhamie kiwanda kipya, karibu na wanaounda laptop zenyewe. Laini ya nne itafungwa baada ya wiki mbili. Wafanyakazi wake watapewa barua na haki zao. Napenda kuwahakikishia kwamba wateja hawatayumba. Uhamisho wa ujuzi umekwisha kukamilika."

Mshabiki alikuwa bado ameinua chaki. "Samahani, mkuu," alisema, sauti yake kubwa imemkimbia. "Sasa hapo tumeshinda au tumefungwa?"

Mkuu alikunja karatasi yake. Sikio alikuwa anatafuta maana ya maneno yale, uhamisho wa ujuzi, akiyageuza kama trei, kushoto, kulia. Akamtafuta wifi yake kwa macho ili amuulize. Wifi alikuwa ameketi mwisho wa meza, anakitazama kikombe cha chai kana kwamba kuna kitu kinazama ndani yake.

Alimkuta kwenye korido ya makabati.

"Daftari langu liko wapi?"

"Wifi, tuongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Nimekuuliza daftari."

"Nililipeleka juu."

"Lini?"

Wifi alifunga kabati, akalifungua, akalifunga tena. "Siku ileile uliyonipa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Walisema wanamchukua mtu mmoja tu, na maandishi. Ningekataa wangemchukua mwingine. Mimi sina mume, sina mtoto, wifi. Wewe unao. Ungeweza kuhama wewe?"

"Uliniuliza?"

Wifi alishika tena mpini wa kabati.

"Nakuuliza tena. Uliniuliza hata mara moja? Mbona kuandika uliniambia? Mbona kwa hilo mdomo ulifunguka?"

"Ungelia. Usingemaliza."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesoma daraja kwenye skrini. Sikio alivua kofia, akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. Nyuma yao mpishi alipita na ndoo, akasema bila kumtaja mtu, "Fadhila za punda ni mateke," akaendelea zake.

Nyumbani alifika mapema. Mume alikuwa uani anapiga msasa kifuniko cha sanduku, shwa, shwa, shwa, mkono mrefu, wa taratibu.

"Baba watoto," alisema akiwa mlangoni, "laini inafungwa. Nimeachishwa."

Shwa, shwa, shwa.

Hapo ndipo alipojua. Msasa haukukatika. Mtu anayeipokea habari hiyo kwa mara ya kwanza, mkono wake ungesita, hata kwa nusu ya mpigo. Mkono huu haukusita. Ulikuwa umeshaisikia, umeshaizoea, umeshailalia. Ndipo mume naye, akiwa amechelewa, alipouacha msasa na kuinua uso wenye mshangao alioutengeneza wakati huohuo.

"Unasemaje?"

"Usijisumbue," alimwambia. "Sanduku la nani hilo?"

Mume alitazama chini. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi, akaonekana mzee ghafla.

"Ni damu yangu, mama watoto. Aliniapisha. Alisema nikimwaga mtama atakosa ile nafasi, na wewe hutapata chochote cha ziada. Nikasema, acha angalau mmoja..."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuandika."

"Nililipima mimi," alisema. "Nililipima kwa mikono yangu. Nikakuambia linakaa sawasawa."

Aliingia ndani. Hakupiga kelele, hakuvunja kitu. Wiki mbili zilizofuata alikwenda kazini kama kawaida, na vizibo vyote viwili masikioni. Skrini iliposema mbovu, aliacha ianguke. Chombo chekundu kilianza kujaa tena, na hakuna aliyemwambia neno. Nyumbani mume alijaribu kumpikia, akaunguza. Alijaribu kumchekesha, akajichekesha peke yake. Watoto waliongea kwa kunong'ona kama kuna mgonjwa.

Wifi aliondoka na begi, sanduku likabaki kwa sababu rangi haikuwa imekauka. Baada ya mwezi alirudi kulichukua, Jumamosi asubuhi, gari la kukodi likimngoja nje. Alikuwa amekonda. Alimsalimia kaka yake, akawapa watoto zawadi, kisha akasimama mlangoni mwa jikoni ambako Sikio alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, wifi."

Miaka yote hakuwahi kumwamkia hivyo. Walikuwa watu wa utani. Sikio aliendelea kuchambua. "Marahaba."

"Nimekuja na shida." Alivuta kigoda, akaketi chini zaidi yake. "Kule chipu zinaanguka. Nne kwa kumi, kama mwanzo. Daftari nimelisoma hadi nimelikariri. Tatizo ni ule ukurasa."

"Ukurasa upi?"

"Unaujua. Uliouacha wazi. Tukilisafisha tundu ovyo, laini inasimama. Tusipolisafisha, tunatupa nzima. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo na mimi..." Hakumaliza. "Wapinzani nao wametoa mpya. Matokeo yajayo yatakuwa mabaya."

"Pole."

"Nimerekodi." Alitoa simu. "Tundu la tano. Nisikilizie tu. Sema ni chipu au ni tundu. Hata kama hutaki kuniona tena, wifi, mara moja tu."

Mume alikuwa amefika nyuma yao, sanduku begani. Alisimama nalo hapohapo, hakulitua.

Sikio aliweka ungo chini, akafuta mikono kwa kanga, akaipokea simu na kuileta kwenye sikio la kushoto.

Kelele za ukumbi zilikuja kwanza, ule mvumo wa feni kubwa uliokuwa ukimpokea kila asubuhi. Kisha mkono wa mashine, ukiinuka, ukisogea, ukishuka. Kisha mlio. Tsk. Hakuhitaji hata kupumua. Lilikuwa tundu. Chipu ile ilikuwa nzima kabisa, haina hili wala lile, na mahali fulani mbali ilikuwa imeshaanguka kwenye chombo chekundu pamoja na wenzake. Alimwona mama yake amechuchumaa, kifundo cha kidole kikiwa hewani.

"Ni nini?" wifi aliuliza. "Ni chipu?"

Sikio alitazama mchele.

"Sijui," alisema.

Hakuwahi kulisema neno hilo kuhusu chipu tangu azaliwe, na wote watatu walilijua. Wifi alifumba macho. Mume alihamisha sanduku bega la pili, na daftari la kijani alilokuja nalo wifi likasogea ndani yake, kwenye ile sehemu ya makaratasi.

"Haya," wifi alisema hatimaye. Alinyoosha mkono apewe simu yake.

Sikio hakuiachia. Aliishika kwa mikono miwili, akairudisha sikioni, akainamisha kichwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba wifi alilazimika kusogea ili aipate.

"Irudie," alisema. "Sikuambii kitu. Irudie tu."